Ukuta Wenye Milango Mitatu: Milima ya Kilosa na Maji Yake

Kijana asomaye jiografia hufundishwa tangu madarasa ya mwanzo kwamba nchi yetu iko chini kidogo ya mstari wa ikweta, na ya kuwa nchi zilizo karibu na mstari huo ni nchi za joto. Maneno hayo ni ya kweli, lakini si ukweli wote. Na atwae kanzu yake nyepesi ya Dar es Salaam, apande basi liendalo Dodoma, ashuke Berega katika wilaya ya Kilosa, na alale huko usiku mmoja wa mwezi wa Julai. Kabla ya adhana ya alfajiri atakuwa amekwisha omba blanketi la pili, na wenyeji wake watacheka kwa adabu. La ajabu zaidi ni kwamba Berega iko karibu na ikweta kuliko Dar es Salaam. Kilichobadilika si umbali wa jua bali ni kimo cha ardhi. Kila mtu apandapo mita 1,000 joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6, na kwa hiyo katika nchi yetu mlima humpa mtu kwa mwendo wa siku moja baridi ambayo watu wa Ulaya huingoja miezi.

Wasomaji wengi waijua Kilimanjaro, na picha yake imetundikwa katika nyumba nyingi. Mimi nimependa kueleza habari za milima isiyotundikwa ukutani na mtu yeyote, nayo ni ile iizungukayo Kilosa. Sababu yangu ni moja tu: watu wasioiona milima hii hata mara moja katika maisha yao hunywa maji yake, hutawadha kwa maji yake, na pengine hufukuzwa majumbani mwao na maji hayo hayo.

Mtu akisimama katika uwanda wa Mkata, uwanda ambao sehemu yake ya kusini imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, akaelekeza uso wake magharibi, aona ukuta. Uwanda alikosimama haukuzidi sana mita 500 juu ya bahari. Vilele vilivyo mbele yake vyapita mita 2,200, yaani zaidi ya futi 7,000. Upande wa kaskazini ni milima ya Nguru, ikifuatwa na Ukaguru, kisha Rubeho, ambayo vitabu vya zamani viliiita milima ya Usagara, na mwisho kusini ni Udzungwa. Nyuma yake, mashariki, juu ya mji wa Morogoro, ni Uluguru. Milima hii yote ni ndugu. Ukoo wao waanzia Taita katika Kenya, wapita Upare na Usambara, na kufikia Udzungwa, na wataalamu wameuita Tao la Mashariki kwa kuwa ukiutazama katika ramani umepinda kama upinde.

Ukuta huo una milango mitatu, na kwa hakika historia ya bara letu imepita katika milango hiyo. Mlango wa kwanza uko baina ya Nguru na Ukaguru. Hapo ndipo ipitapo barabara ya Dodoma, kwa Dumila na Berega na Gairo. (Gairo nayo ilikuwa sehemu ya Kilosa mpaka ilipofanywa wilaya ya peke yake mwaka 2012.) Mlango wa pili umechimbwa na mto Mkondoa baina ya Ukaguru na Rubeho, nao ndio mlango wa reli. Mlango wa tatu ni wa mto Ruaha Mkuu, baina ya Rubeho na Udzungwa, na msafiri atokaye Mikumi kwenda Iringa huuingia kabla ya kuupanda ule mlima wa Kitonga ambao madereva wa malori huutaja kwa heshima.

Kabla ya kuwako barabara wala reli, misafara ya watu wa pwani itokayo Bagamoyo na Saadani ilipita humo humo ikienda Ugogo na Unyanyembe. Burton na Speke walipita Rubeho mwaka 1857, na Stanley alifuata bonde la Mkondoa mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Vitabu vyao vyasomwa hata leo, lakini yafaa vijana wetu wakumbuke kwamba wageni hao hawakuivumbua njia. Waliongozwa katika njia iliyokwisha kanyagwa. Miongoni mwa waliokuwamo katika safari zote hizo mbili ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeijua nchi hii kwa nyayo zake mwenyewe. Mchukuzi wa pembe alijua vizuri kwamba baada ya Mkata, ambayo wakati wa masika ni tope tupu, kuna milima yenye maji ya baridi na chakula, na baada ya milima kuna ukame wa Ugogo. Kwa hiyo msafara ulipumzika milimani, ukanunua nafaka, ndipo ukaendelea.

Carl Peters naye aliitambua thamani ya milango hii. Novemba na Desemba 1884 alizunguka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akiwatia wakubwa wa nchi katika mikataba iliyoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Aliyejulikana zaidi kati yao ni Mangungo wa Msowero, mahali ambapo pangali katika wilaya hii ya Kilosa. Mwezi wa Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani akatoa hati yake ya ulinzi, na Sayyid Barghash wa Unguja akapinga, lakini hakusikilizwa. Mtu ashikaye milima ya Usagara huishika njia ya bara, na njia ya bara ndiyo iliyotakiwa. Wajerumani hawakukawia kuleta reli. Waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, na ilipofika Kilosa haikuwa na pa kupita ila mlango wa Mkondoa. Ikafika Kigoma mwaka 1914.

Sasa tuulize, milima hii ilitoka wapi? Kilimanjaro ni mlima wa moto, na kwa hesabu za wataalamu ni mtoto, kwani haujatimiza miaka milioni tatu. Milima ya Kilosa si ya moto. Miamba yake ni ya kale mno, iliyopikwa chini sana ya ardhi kwa joto na kukandamizwa, na baadhi yake ina umri wa kadiri ya miaka bilioni mbili. Hata wanajiolojia wa ulimwengu mzima wameuita mfumo wa miamba hiyo kwa jina la Usagara. Baadaye ardhi ilipasuka katika mistari mirefu. Upande mmoja wa ufa ukapanda, upande wa pili ukashuka, wala haikuwa mara moja bali kwa vipindi vingi katika mamilioni ya miaka. Kilichopanda ndicho Ukaguru na Rubeho. Kilichoshuka ndicho uwanda wa Mkata. Ndiyo maana mlima hauanzi taratibu kwa vilima vidogo vidogo, bali husimama ghafla, kana kwamba mtu ameukata kwa kisu.

Kusimama huko ghafla ndiko kuletako mvua. Mama wa nyumbani aujua mfano wake: afunikapo sufuria ya maji yachemkayo, mvuke hupanda, hugusa mfuniko ulio baridi, nao hurudi kuwa matone. Bahari ya Hindi ni sufuria yetu, na pepo za kaskazi na kusi ndizo zichukuazo mvuke. Upepo ukifika katika ukuta hauna njia ila kupanda, ukipanda hupoa, ukipoa huangusha maji. Ukiisha kuvuka kilele unashuka upande wa pili ukiwa mkavu. Kwa sababu hiyo miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Dodoma, iliyo nyuma ya ukuta, hupata chini ya milimita 600. Berega imekaa karibu na ukingo wa mambo hayo mawili. Ukitoka hapo kwenda magharibi kwa Gairo, kwa mwendo mfupi tu miti hupungua na miiba huzidi, na ndipo utakapofahamu kwa macho yako kile kilichokuchosha kukisoma kitabuni.

Misitu ya juu huzidisha neema hiyo. Siku zisizo na mvua huko juu kuna ukungu, na ukungu huo hunaswa na majani na vile vimea laini kama pamba vishikavyo magogo, ukadondoka chini tone kwa tone. Udongo wa msituni ni mwepesi na una matundu mengi ya mizizi na wadudu. Hunywa maji wakati wa masika, kisha huyatoa polepole wakati wa kiangazi. Inaaminiwa kwamba misitu hii imedumu kwa kadiri ya miaka milioni 30, kwani hata zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, pepo za bahari hazikuacha kuinyeshea. Kwa kukaa peke yake muda huo wote imekuwa na viumbe visivyopatikana popote pengine. Lile ua dogo la zambarau ambalo watu wa Ulaya hulipanda madirishani, asili yake ni Usambara, lilikopelekwa na Mjerumani Walter von Saint Paul mwaka 1892. Na katika korongo la Kihansi, Udzungwa, mwaka 1996 alionekana chura mdogo wa manjano azaaye watoto badala ya kutaga mayai, akiishi katika manyunyu ya maporomoko mamoja tu. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme manyunyu yakapungua, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Bahati nzuri wengine walikuwa wamechukuliwa na kufugwa Marekani, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Wako waliocheka kuona chura akishindanishwa na taa za umeme. Mimi sikucheka, ingawa hata mimi nasoma kwa taa ya umeme.

Hapa niruhusuni niseme jambo moja liwahusulo wasomaji wetu katika ibada zao. Kwa kuwa Berega iko kadiri ya nyuzi 6 kusini ya ikweta, jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena katika wiki ya pili ya Oktoba. Siku hizo fimbo iliyosimamishwa wima haina kivuli wakati wa adhuhuri, na mwenye kuangalia wakati wa alasiri hana haja ya hesabu: kivuli kikilingana na fimbo, wakati umeingia. Baina ya siku hizo, kati ya Machi na Oktoba, kivuli cha adhuhuri huangukia kusini, na miezi mingine huangukia kaskazini, karibu na uelekeo wa kibla, kwani kibla cha Kilosa ni kaskazini na kidogo tu mashariki. Tena tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi haifiki saa moja kwa mwaka mzima, ndiyo sababu sisi hatuijui taabu ya ndugu zetu wa nchi za mbali ambao saumu yao hurefuka na kufupika sana.

Lakini milima ina mtego wake. Katika bonde la Mkondoa jua hufichwa na mlima mapema, na mtoto aliyefunga kwa mara ya kwanza huona kivuli kimeingia bondeni akaikimbilia tende. Jua kujificha nyuma ya mlima si kuchwa kwake. Asiye na saa na atazame mashariki mpaka aone giza likipanda, au atazame vilele vya upande wa pili. Vikiwa vingali vyang'aa, jua lingali lipo.

Turudi kwa maji. Mito ya upande huu imegawana kazi. Kinyasungwe hutoka pande za Dodoma, nao uingiapo katika milima hupata jina la Mkondoa, hupita Kilosa mjini, huungana na maji ya Mkata, na mwisho huitwa Wami. Wami huchukua pia maji ya Ukaguru na ya Nguru, huwanywesha watu wa Chalinze, na kuingia baharini baina ya Saadani na Bagamoyo. Ruvu hutoka Uluguru, nao ndio unyweshao Dar es Salaam. Mwezi wa Oktoba 2021 mvua zilipokawia na mto kupungua, mji mzima uligawiwa maji kwa zamu, na watu waliokuwa hawajapata kulisikia jina la mto huo wakaanza kuulizana habari zake. Kusini, Ruaha Mkuu huenda kwenye mitambo ya Kidatu, kisha Rufiji.

Mto utokao mlimani kwa kasi huchukua mchanga na mawe. Ufikapo penye tambarare hupunguza mwendo, na mzigo wake huutua. Kilosa mjini ni mahali pa kutulia mzigo wa Mkondoa. Mwaka hata mwaka mchanga hujaa, kitanda cha mto hupanda, na mji ambao zamani ulikuwa juu ya mto wajikuta karibu kulingana nao. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto ulivunja kingo zake. Maelfu ya watu walipoteza nyumba wakakaa katika mahema, na reli ikabomolewa katika bonde hata treni za abiria za bara zikakoma kwa miezi. Miaka minne baadaye, Januari 2014, ikawa zamu ya mlango wa kaskazini: mto Mkundi uling'oa kipande cha njia penye daraja la Dumila, na barabara ya Dodoma ikakatika, huku vijiji vya Magole na jirani zake vikifunikwa na maji. Mvua kubwa zilikuwako tangu zamani, na haifai kuilaumu mikono ya watu kwa kila gharika. Hata hivyo mteremko uliovuliwa miti hauwezi kuyazuia maji kama uliovikwa, na katika milima hii yote ya Tao la Mashariki msitu uliobaki haufiki theluthi ya ule wa asili.

Nani basi akataaye miti? Ni rahisi kwa sisi tukaao mjini, tupikao kwa mkaa uliotoka huko huko, kumnyoshea kidole mkulima wa mlimani. Mkulima huyo ana watoto, shamba la baba yake limegawanywa mara tatu, na udongo wa juu una rutuba na mvua ya hakika. Serikali ya kikoloni ilijaribu kumlazimisha. Tangu mwaka 1950 watu wa Uluguru waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao ili udongo usichukuliwe na maji. Nia yaweza kuwa ilikuwa njema, lakini kazi ilikuwa ya shuruti, udongo mbaya wa chini ukafukuliwa juu, na mavuno hayakuongezeka. Julai 1955 watu wakaasi huko Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango wenyewe ukafa. Wazee wa Uluguru walikuwa na sababu zao, na wataalamu waliokuja baadaye wamekiri kwamba sehemu kubwa ya sababu hizo zilikuwa sahihi.

Chini uwandani kuna ugomvi wa namna nyingine, nao pia chanzo chake ni maji ya milima. Kiangazi kikiingia, majani ya Mkata hukauka, ila mabonde yaliyoloweshwa na mito hubaki kijani. Mfugaji huyataka kwa ng'ombe wake. Mkulima huyataka kwa mpunga na mahindi yake. Na wote wawili wanakuwa na njaa katika mwezi ule ule. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wafugaji na wakulima. Magazeti ya wakati ule yaliandika mengi juu ya makabila. Mimi nadhani mwenye kutaka kufahamu huzuni ile na aitwae kwanza ramani, aweke kidole mahali maji yanapobaki kiangazi, kisha ahesabu ni wangapi wayategemeao.

Tangu mwaka 2024 treni mpya ya umeme hutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, na baada ya Kilosa huingia katika mahandaki yaliyotobolewa ndani ya milima. Abiria huona giza, huona nuru, huona giza tena, na ukuta uliowachosha wachukuzi wa pembe kwa siku nyingi huwa umekwisha vukwa kabla chai haijapoa. Reli ya zamani ingali chini, kando ya mto. Mwezi wa Novemba uingiapo, mtu wa Berega hutazama vilele vya Ukaguru kila jioni akitafuta wingu la kwanza, kwa kuwa jembe lake li tayari. Na mtu wa Kilosa mjini hutazama wingu lile lile, kisha huenda kuangalia maji ya Mkondoa yamefika wapi ukingoni.